Samaki Kumi wa Wening

"Weka chini hiyo. Hayo ni maji ya mto."

Kijana aliyekwisha kuifikisha chupa mdomoni akaganda. Saa ya chakula cha mchana mjini Pekalongan, kibanda cha wali kinafurika, watu wanane meza moja, na yeye alidhani ameshika sharubati yake ya waridi. Wening akampokonya chupa.

"Mto gani mwekundu hivi, Mbak?" akauliza, akimwita dada kwa lugha ya kwao.

"Huo ulio nyuma yako. Jana ulikuwa kijani."

Akacheka. Shati lake la batiki lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila kucha zote zilikuwa za bluu. "Basi naomba radhi. Wekundu huo huenda ni wa mama yangu. Naitwa Prasojo."

Wening alikuwa mpimaji wa maji kwenye maabara. Prasojo, mtoto wa mwenye karakana ya kutia rangi batiki, alikuwa akijenga tangi uani kwao, amelijaza vijidudu vya kula rangi kabla maji hayajaenda mtoni. Miezi mitano alimpigia simu kila jioni.

"Wening wangu, leo vijidudu vimekula bluu yote."

"Na wewe umekula?"

"Nakusubiri unipikie."

"Basi utakonda."

Halafu umoja wa watia rangi ukataka njia tatu za kusafisha maji zishindanishwe, ya Prasojo ikiwamo. Mtaa mzima ungejengewa itakayofaulu. Maabara ililetewa chupa zenye namba tu, bila majina, na Wening akamimina kila moja kwenye beseni lake lenye vifaranga kumi vya samaki. Namba mbili ilikuwa nyeupe pe, akaipenda. Asubuhi samaki wake wote walikuwa wameelea, matumbo juu. Akaandika: imefeli.

Ripoti ikasomwa mkutanoni, ndipo majina yakatajwa. Mama yake Prasojo, ndani ya kebaya, blauzi yake ya sikukuu, alikuwa ameshawagawia majirani keki.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Umenidhalilisha, Wening. Mbele ya mama."

"Chupa haikuwa na jina, Mas. Ningejuaje?" Hata sasa alimwita Mas, yaani kaka.

"Maji yale hata mtoto anaona ni safi."

"Samaki walikufa."

"Labda walikuwa wagonjwa."

"Wagonjwa wote kumi, tena kwenye beseni lako tu?"

Prasojo akakata. Wiki tatu hakupokea simu. Wening alikasirika mpaka akaacha kula, kisha akakasirika kwa kuacha kula. Kosa lake lilikuwa nini? Kusema kweli? Hata hivyo aliipima tena chupa ile, akamwandikia: "Vijidudu vyako havili rangi. Vinaikata vipande. Vipande havionekani, lakini vina sumu kuliko rangi yenyewe. Ongeza tangi la pili, ulipulizie hewa, kisha uchuje kwa makaa ya vifuu vya nazi."

Prasojo akasoma. Hakujibu. Wening akatamani kuitupa simu mtoni.

Mwezi ulipopita, Prasojo akatokea kwenye dirisha la mapokezi, amekonda kweli, mkononi chupa yenye jina lake kwa herufi kubwa.

"Hatupokei majina," Wening alisema.

"Safari hii nataka ujue ni yangu."

"Haitabadilisha kitu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Akainamisha kichwa. "Nilijua hukukosea, tangu siku ile. Niliona aibu tu."

Siku ya nne Prasojo alikuwa kwenye benchi akisubiri majibu, kofia mapajani. Wening akatoka na karatasi. Alikuwa amewahesabu samaki mara tatu, akitamani ahesabu vibaya.

"Saba wako hai."

Prasojo akasimama. "Saba? Kutoka sufuri?"

"Watatu wamekufa, Mas. Imefeli."

Akakaa tena, akashika kichwa kwa mikono miwili. Miezi sita ya jasho, na mto bado mwekundu. Wening alitamani kumshika bega, lakini watu wa mapokezi walikuwa wakiwatazama.

"Mama anauliza waje lini kwenu kuposa," alisema bila kuinua uso. "Nimwambie asubiri samaki wafike kumi?"

"Atasubiri sana."

"Basi nimwambieje?"

Wening akakaa kando yake, watu wa mapokezi watazame wanavyotaka.

"Kwa maji nataka kumi," alisema. "Kwako wewe, saba wananitosha. Waje Jumapili."

Kisha akaiweka karatasi juu ya goti lake, akaandika imefeli, akatia sahihi.