Ujumbe Alioufunga Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku na Twiga walikimbia hadi chumba cha kompyuta kuwahi mashine ya kona, ambayo kipanya chake kilikuwa kizima. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, Twiga kwa urefu. Walikuwa wameandika programu ya kuchora grafu ya mvua waliyoipima wenyewe kwa miezi minne. Alhamisi wangeionyesha kwa wazazi.

Ilibaki kupakia kifurushi cha nyongeza, kile kinachoipa lugha ya programu uwezo wa kuchora. Jumatatu Chiriku alikipakia kwenye Windows. Kidirisha cha kosa kikatokea, maneno tele. Akabofya “Sawa”, kikatoweka.

“Umesoma kilichoandikwa?” aliuliza mwalimu wa kompyuta, akiwa amezungukwa na wanafunzi wengine.

“Ndiyo, mwalimu. Kinasema imeshindikana tu.”

Uongo mtupu! Hakusoma hata mstari mmoja. Mwalimu alimwamini, akawaelekeza kwa mbali: pakieni lugha upya, zimeni mashine muiwashe. Hola, haikukubali. Kila kidirisha kiliporudi, Chiriku alikifunga kabla Twiga hajainama kukitazama. Alitamani kusema kweli, lakini kila siku aibu ilizidi kuwa nzito.

Alhamisi wazazi walipita mbele ya skrini tupu.

“Kumbe mlikuwa mnacheza tu huku?” mama yake Twiga aliuliza. Twiga akaangua kilio.

Ijumaa alimfuata mwalimu. “Nilikudanganya, mwalimu. Ule ujumbe sikuusoma.”

Mwalimu alikaa naye kwenye mashine ya kona, wakapakia tena hadi kidirisha kikarudi. “Haya, usome sasa. Kwa sauti.”

Akasoma. Kifurushi kilikuwa cha biti sitini na nne, na lugha iliyokuwa kwenye mashine ile kuukuu ni ya biti thelathini na mbili, haviendani. Wakapakia kinachofaa, na baada ya dakika tano grafu ikajichora yote. Maonyesho yalikuwa yamekwisha, na Twiga alikuwa ameshahamia kundi jingine.

“Imekubali,” Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga.

“Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu,” mwalimu alisema. “Kutojua si kosa. Lakini mashine ilisema kweli tangu Jumatatu, na mimi nilikuamini wewe.”