Dakika ya Tisa Mkandani

Mzee alikuwa akitembea peke yake juu ya mkanda wa mashine ya kupimia moyo, ila vishindo vya miguu vilikuwa vya watu wawili.

Mpimaji alizima feni asikilize, kisha akajicheka. Miaka kumi na minne ya kupima mioyo, leo anasikia mauzauza saa nne asubuhi!

"Mzee wangu, hujambo huko juu?"

"Sijambo, mwanangu. Nipe cheti nirudi kwenye useremala wangu. Tangu moyo unipige mweleka, binti yangu hanigusishi hata msumari."

Kila dakika tatu mkanda huongezwa kasi, na kabla ya hapo mgonjwa huulizwa kama aendelee. Mpimaji aliuliza huku kidole kishabonyeza. Wazee wanadeka, ndivyo alivyosema siku zote. Ukiwasikiliza, hakuna anayefika popote.

Dakika ya sita. "Tuendelee?"

"Basi, mwanangu. Kuna kitu kimenipanda mgongoni."

"Jini au uvivu?" Akabonyeza.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua.

Dakika ya tisa. "Tuendelee?"

"Endelea," ilijibu sauti ya mzee, changamfu, lakini ilitoka nyuma ya kisogo chake, kwani midomo yake mwenyewe ilikuwa imefumbwa na kugeuka rangi ya majivu, na macho yake yalimsihi mpimaji, ambaye sasa alibonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha, akabonyeza tena, akang'oa waya wa mkanda ukutani, na mkanda ukazidi kukimbia, na mstari wa moyo kwenye skrini ukalala chali, na miguu ikaendelea kupiga, miwili miwili, mpaka vikabaki vishindo vya mtu mmoja.

Mkanda ukasimama. Mzee akashuka bila hata tone la jasho.

Binti yake alichungulia mlangoni. "Dada, baba amefaulu?"

Nyaya za kipimo bado zilikuwa zimebandikwa kifuani mwa mzee. Mstari bado ulikuwa umelala. Mpimaji akafumbua mdomo. Lakini kusema kweli kungemlazimu aanzie dakika ya sita.

"Amefaulu," akanong'ona.

Binti alimkumbatia baba yake, akashtuka. "Mbona umepoa hivi?"

"Upepo wa feni, mwanangu." Mzee alibandua nyaya moja moja, akitabasamu. "Nyumbani kuna nani?"

"Baba na utani wako! Si wajukuu zako, wanakungoja."

"Wangapi?"