Namba Saba Ilipojibu

Mgodi wenyewe sitautaja. Uko njia ya Kakanda, na mimi bado nakula kwao. Asubuhi hiyo nilikuwa naandika orodha ya zamu, na binamu yangu Ruphin, fundi wa mtandao, alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

Kazi yake ilikuwa tangazo la hatari: linatumwa mara moja, linaingia visanduku vyote vya kupokea habari vilivyofungwa shimoni. Visanduku havijibu. Vikijibu vyote kwa pamoja, mtandao unakabwa. Kuna ruhusa moja tu: ujumbe ukiwa mkubwa mno, kisanduku kinaweza kuulalamikia na kurudisha maneno yake ya mwanzo. Ruphin, asiyependa kelele, alizima hata ruhusa hiyo.

Kisha bosi wetu, mlokole kweli kweli, akaagiza tangazo lianze na sala. Sala ndefu! Mwezi wa tatu shimo la saba lilianza kuporomoka; tangazo likatumwa, kisanduku chake, namba saba, kikashindwa kulipokea, na hatukujua. Pitshou, mchimbaji wa zamu hiyo, akafukiwa humo. Ruphin aligundua baadaye, akaniambia mimi peke yangu, akilia. Kisanduku kipya kikawekwa shimoni, aina ile ile. Sala hakuigusa, maana angeulizwa kwa nini.

Sasa, akitazama skrini, mkate ukamdondoka.

“Yaya, kuko nini?” nikamuuliza, maana yeye ni mkubwa kwangu.

“Namba saba,” akanong'ona. “Inasema ujumbe ni mukubwa.”

“Ile mupya?”

“Ile ya zamani.”

Ya zamani ilikuwa kabatini nyuma yangu, bila waya. Na hakuna aliyekuwa ametuma tangazo.

Akafungua maneno yaliyorudishwa. Ilikuwa sala yetu. Ukaja ujumbe mwingine. Na mwingine. Skrini ikajaa. Kabatini kitu kikakwaruza. Niliogopa. Sikugeuka.

“Clovis iko chini,” nikasema. Clovis ni mdogo wake, na zamu yake ilikuwa shimo la saba. “Toa ile sala, tuma tangazo!”

“Patron atajua njo mimi niliua Pitshou,” akasema, akimwogopa bosi.

“Ajue!”

Akafuta sala yote. Akaacha neno moja: Tokeni. Akatuma.

Walitoka wote. Clovis alikuwa wa mwisho, anacheka, anauliza ni mazoezi gani haya ya saa nne. Alikuwa hajavua kofia yake ya kazi shimo la saba lilipoporomoka nyuma yake.

Bosi alisema ni sala zake zimejibiwa.

Mchana tulifungua kabati. Kisanduku kilikuwa kimelowa tope jekundu. Kwenye skrini ya Ruphin kulikuwa na mstari mmoja kutoka kisanduku hicho, na visanduku vyetu havijui kuandika hivyo: Ujumbe umefika.

Niliuchapa. Karatasi iko kwenye mkoba wangu miezi minne sasa. Kila Jumapili naketi kanisani karibu na Germaine, mjane wa Pitshou, na bado sijamwonyesha, maana ataniuliza kwa nini ule wa mumewe haukufika.