Kikosi cha Mollo

Filimbi.

Moja tu, ndefu, kama ya mwamuzi anayeanzisha mechi. Ilitoka chumbani kwa kaka yangu.

Kaka yangu tulimzika mwaka juzi.

Giza ndiyo kwanza lilikuwa limeingia hapa Chanji, umeme umekatika, na Mama alikuwa amenituma nikachukue mkaa humo, maana siku hizi chumba kile ni stoo. Sebuleni alikaa mgeni wetu, Baba mdogo Kasmir, mdogo wa marehemu baba. Alikuwa ametoka kijijini Mollo na gunia la maharage. Alikuja kuniomba. Alitaka kesho alfajiri niondoke naye, nikamsaidie shambani.

"Coleta ana mikono mizuri," nilimsikia akisema. "Mikono ya kazi."

Nikasukuma mlango.

Harufu ya udongo uliotoka kulimwa... kwenye chumba cha sakafu ya saruji.

Na mwanga. Kompyuta ya kaka, ambayo betri yake ilikufa kabla yake, ilikuwa inawaka.

Ulikuwa ule mchezo wake wa kocha. Humo hupigi mpira. Unapanga kikosi, unachagua mfumo, unatoa amri, kisha unatazama vidoti vikikimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi kila siku nilipanga nne-nne-mbili, naye akinicheka: "Wewe Coleta unapanga viti vya kanisani!" Mfumo wake ulikuwa wake peke yake. Aliacha upande wa kushoto wazi kabisa. "Waache waingie, wajione wamefika," alisema. "Halafu unafunga nyuma yao."

Mfumo ule ndio uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Wachezaji kumi walikuwa na majina. Wa kumi na moja hakuwa nalo. Kidoti chake kilikuwa peke yake kule kushoto, na hakikukimbia. Kilitembea. Kilikwenda hadi mwisho wa uwanja, kikageuka, kikarudi pembeni kidogo ya pale kilipopita. Kikageuka tena.

Kilikuwa kinalima.

Tangu msibani hakuna aliyemtaja kaka. Baba mdogo ndiye aliyekataza. "Aliyepigwa na radi haitwi," alituambia, jeneza likiwa limeshapigiliwa misumari. "Mkimwita, itarudi kufuata sauti." Tukaogopa. Na tangu mwaka ule, shamba la Baba mdogo kule Mollo hulimwa bila mtu yeyote kuonekana ameshika jembe.

Chini ya kioo, pale kocha msaidizi anapotoa ushauri, maneno yakaanza kujiandika. Mchezo ule ni wa Kiingereza kitupu. Maneno haya yalikuwa ya Kiswahili.

Huyu amechoka. Aingie Coleta.

Nikayasoma mara mbili. Kisha nikakasirika. Nikakasirika mpaka woga ukaniisha. Kaka yangu hakuzaliwa awe jembe la mtu. Wala mimi.

Nikauacha mlango wazi kabisa.

"Baba mdogo," niliita kwa sauti ya mtoto mtiifu, "naomba unisaidie kunyanyua gunia la mkaa."

Akaja. Akaingia hadi katikati ya chumba. Mwanga ulimpiga usoni, na hakushangaa. Hakuuliza kompyuta inawakaje bila umeme. Alinyoosha tu kidole, taratibu, kuelekea kitufe cha kukubali mabadiliko.

Nikasimama mlangoni, nyuma yake.

"Toa mkono, Baba mdogo. Hapa kocha ni mimi."

Akageuka. Akatabasamu.

"Mama!" nikapaza sauti. "Njoo uone mwanao anavyolimishwa!"

Mama alikuja na tochi ya simu. Alimtazama shemeji yake, akatazama kioo. Kile kidoti kilikuwa kimesimama.

Kinasubiri.

"Shemeji," Baba mdogo alinong'ona. "Usithubutu. Radi..."

Dirishani anga lilikuwa safi, nyota tupu. Na bado liliunguruma.

"Mtaje, Mama," nikasema. "Huyu alitukataza tusimwite ili mwanao asisikie akarudi. Au na mimi huyu akinichukua, utanyamaza hivihivi?"

Ngurumo ya pili ilitikisa mabati. Baba mdogo hakuwa akitabasamu tena. Mama alimsukuma kwa bega, akasimama mbele ya kioo, akainua kidevu. Hakunong'ona. Aliita kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia chakula, enzi zile, kutoka jikoni hadi uwanjani:

"Urbano!"