Mwanga Iko Inje

Jua lilipozama, Adeline, fundi wa redio wa mtaa wa Mangobo, alifunga kifuniko cha tochi yake akatoka. Alikuwa anaenda nyumba ya tatu tu, kwa Prudence, aliyeshikwa na uchungu tangu mchana. Mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakipigania Kisangani kama vile ni shamba la baba zao, na nyumba iliyoonyesha taa ilimiminiwa risasi. Kwa hiyo Adeline alikuwa ameichokonoa ile tochi: rezista ya kupunguza umeme, kutoka kwenye redio mbovu, na swichi ya njia mbili. Chini, mwanga mdogo kama kaa la moto. Juu, ule mkali wa zamani. Eti mtu azalie gizani kwa sababu ya wageni? Hilo lilimkera.

Ndani alimkuta Mama Ramla, mkunga mzee wa zile familia za Waislamu wa siku nyingi, ambao bado wana maneno ya pwani ya babu zao. Adeline akapiga magoti, akawasha mwanga mdogo. Ulitosha. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Ndipo ikaja harufu... ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Ramla aliinua uso. "Mwanga iko inje," alinong'ona.

Adeline alidhani tochi inaonekana barabarani. Haraka akachomeka kitenge kwenye ufa wa mlango.

Kwaru... kwaru...

Kucha. Upande wa nje.

"Nimeziba, mama."

"Hapana ile ya torche, mwanangu. Mwanga. Ile munaita mulozi. Inakuya kubeba mutoto mbele ya kulia. Kama imekosa, inarudia."

Ramla akabana uzi wa kufungia kitovu kati ya meno, akainama tena kazini. Prudence aliguna. Damu ilikuwa nyingi, na kwa mwanga ule mdogo haikujulikana inatoka wapi.

"Adeline," sauti ikaita taratibu nyuma ya mlango. "Zima torche."

Ilikuwa sauti ya Ramla.

Lakini Ramla alikuwa mbele yake, uzi bado mdomoni, macho yamemtoka.

Adeline alishika tochi kwa mikono miwili. Aliogopa kile kitu, aliwaogopa na askari. Kisha hasira ikampanda. Kila mtu katika mji huu anamwamuru azime!

"Sizimi," alisema.

Akasukuma swichi juu.

Chumba kikawa cheupe. Kucha zikanyamaza. Ramla akaona panapovuja damu, akakandamiza kwa mikono yote miwili. Adeline akangoja risasi... hazikuja. Mtoto akalia.

Asubuhi, Hilaire wa nyumba ya mbele alikuja kuuliza habari. Mwanga? Hakuona mwanga wowote. "Niliona tu Mama Ramla kwa mulango, inje, usiku yote. Ametugeuzia mugongo, mikono wazi, anaziba mulango yote. Alitafuta nini mu marisasi?"

Ramla hakuwa ametoka hata mara moja.

Jioni ya pili mkunga alilala chini kando ya mzazi na mtoto, hoi kwa uchovu. Adeline aliketi mlangoni na mwanga mdogo.

Majivu.

"Zima," ilisema sauti ya Ramla.

Ramla alikuwa anakoroma.

Adeline akasukuma swichi juu. Mwanga ukabaki mdogo. Akasukuma tena. Mdogo vilevile.

Akaelekeza tochi kwenye ufa.

"Kuya basi," alisema. "Ata na hii kidogo nitakuona."