Gari Lisilo na Watu

Ambakisye alimimina beseni la maji juu ya tairi, nalo likafumbua mifereji yake. Mpira uliokuwa hauna hata mkwaruzo ulijaa mistari myembamba, mistari ikapanuka, maji yakavutwa ndani na kurushwa pembeni. Alipolifuta kwa kitambaa, mistari ilijifunga na mpira ukakaza tena. Waombolezaji waliokaa uani walinyoosha shingo. Hata msibani, macho hayana pazia.

"Ndilo hilo tairi-kinyonga," alisema Sekela. "Usilitilie shaka, kaka."

Sekela alikuwa mhandisi wa Kampuni ya Mshiko, iliyobuni tairi lile, na Ambakisye alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Ndani ya nyumba, jeneza la mama yao lilikuwa limeshafungwa. Alikuwa azikwe Tukuyu, ng'ambo ya mlima, na juu ya mlima huo mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamejipanga tangu alfajiri.

"Mimi nilishaamua kufunga yale yangu ya mvua," alisema Ambakisye. "Nimeyazoea."

"Na kule kwenye lami kavu kabla ya kupanda? Mpira wa mvua ni mwororo na mifereji yake ni mirefu. Kwenye ukavu unachoka upesi, na ukikata kona gari linayumba. Ukifunga ya kiangazi, yanauma lami kavu vizuri sana, lakini maji yakituama yanaelea. Watu wamechagua hivyo miaka yote: ama ufe na mvua, ama ufe na jua. Hili halikuchagulishi. Linageuka lenyewe."

Sekela akianza habari za matairi, hata kilio kilimsubiri. Wazee wawili walitazamana, mmoja akakohoa kidogo.

"Linajuaje utelezi ni wa kiasi gani?" aliuliza Ambakisye.

"Yanaambiana. Kila tairi linampasha habari Mratibu, yule ubongo-mashine anayeongoza magari yote ya jiji. Likijua moja, yamejua yote."

"Na lile la kwanza?"

"La kwanza linaonja," alisema Sekela, na akainama kukaza kifuniko ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

Ambakisye hakumchimba zaidi. Alimwamini. Yeye ndiye aliyemsomesha dada yake, na tangu utoto wao neno la Sekela kuhusu mashine lilikuwa neno la mwisho katika nyumba ile. Matairi ya mvua yalirudishwa stoo.

Jeneza lilipoingizwa katika gari jeusi la Ambakisye, viti vilikuwa vimekunjwa ukutani na mkeka umetandikwa sakafuni. Kwao hakuna anayepanda kiti ilhali marehemu yuko chini. Ambakisye alikaa upande mmoja na wazee, mkewe Tusajigwe akakaa upande wa pili, mgongo ukutani, mkono juu ya jeneza. Tusajigwe ndiye aliyemuuguza mama yule hadi mwisho, akimgeuza kitandani na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, wakati Sekela alikuwa maabara.

"Wifi, nafasi yako hii hapa," aliita Tusajigwe, akipapasa mkeka. "Njoo tumsindikize mama."

"Nitafuata na gari langu, wifi. Kesho Halmashauri ya Jiji inaamua kama kila gari lifungwe matairi haya. Mvua ya leo ndiyo ushahidi wangu. Lazima niitazame."

"Mama hazikwi mara mbili."

Alisema bila ukali, akamvutia mzee mmoja shuka miguuni. Sekela aliona aibu, ndiyo, lakini aibu yake haikumfikisha mkekani. Alipanda gari lake, akajifunga mkanda, akaweka mapajani kioo kinachoonyesha taarifa za Mratibu. Magari yote mawili yalijiendesha. Kazi ya watu ilikuwa kukaa tu.

Mvua iliwakuta juu kabisa, mteremko unapoanza. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya kiangazi kizima huloa pamoja, lami ikawa kama sakafu iliyomwagikiwa mlenda. Sekela alitazama matairi yakifumbuka kwenye kioo, gari baada ya gari, mlima mzima, akasahau kwa kitambo kwamba yuko msibani.

Kulikuwa na jambo ambalo Kampuni ya Mshiko haikulitangaza. Hakuna kipimo kinachoweza kulijua tone la mwisho la mshiko wa tairi kwenye lami hadi tairi livuke kikomo na kuteleza. Ni sawa na chumvi ya mchuzi: huijui kwa kuitazama, sharti mtu aonje. Kwa hiyo kila hali ya barabara inapobadilika, Mratibu huchagua gari moja liachie mshiko kidogo, liteleze, kisha lijirekebishe. Liliitwa mwonjaji. Baada yake magari mengine yote hupita salama. Wahandisi walibishana sana juu ya nani aonje, hadi Sekela akatoa jibu lililowapa usingizi wote: gari tupu, la mizigo, lisilo na watu. Siku zote lipo moja barabarani.

Kioo kiliandika: *Mwonjaji amechaguliwa. Gari lisilo na watu.*

Sekela aliridhika. Kisha akasoma namba ya gari, akaisoma tena, akainua macho. Mbele yake lilikwenda gari jeusi.

Alielewa papo hapo. Vihisio vya kuhesabu abiria alivipanga yeye mwenyewe. Misiba mingapi alikuwa ameketi sakafuni na shangazi zake, magoti yakiwa yamebana jeneza. Lakini alipoulizwa mtu huhesabiwa wapi ndani ya gari, hakuufikiria mkeka hata kidogo. Alijibu: kitini. Kwa Mratibu, gari la mama yake lilibeba sanduku na mizigo iliyotawanyika.

"Sitisha," alisema. "Mratibu, sitisha. Lina watu."

"Jaribio limeanza," ilijibu sauti ya upole.

Nyuma ya gari jeusi ilisogea pembeni kiasi cha urefu wa mkono, ikarudi, gari likanyooka. Ilikuwa kidogo sana. Mtu aliyefunga mkanda angeendelea kusinzia. Sekela alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Gari jeusi lilisimama kando. Mlango wa nyuma ulifunguka, Ambakisye akashuka miguu mitupu, akasimama mvuani akitazama mikono yake kama asiyejua afanye nayo nini.

Jeneza lilikuwa limeteleza juu ya mkeka. Wazee waliumia miguu. Tusajigwe hakuwa na pa kukwepea. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Walipolivuta jeneza na kumlaza, alikuwa bado amekunja vidole kama ameshika kitu. Hakufika hata chini ya mlima.

Mapajani mwa Sekela kioo kilikuwa kimeshaandika: *Kikomo cha mshiko kimepatikana. Magari yote yamejulishwa.* Na kweli, magari yalipita kando yao moja baada ya jingine, yakikata kona ile kana kwamba ni kiangazi. Baadhi ya abiria walipunga mkono wa pole.

Tukuyu walichimba kaburi la pili kando ya lile la kwanza. Habari za halmashauri ziliwafikia wakiwa bado matangani: matairi yameidhinishwa, maana siku ile ya mvua ya kwanza hakuna gari lililopata ajali mlimani isipokuwa moja. Sekela alimsubiri kaka yake atoke kwa wageni, akamfuata nyuma ya nyumba na kumweleza yote, kuanzia kuonja hadi viti. Hakuacha neno. Alilia, naye Ambakisye akamwacha alie mpaka amalize.

"Kwa hiyo lazima mmoja ateleze," alisema Ambakisye.

"Lazima, kaka."

"Na wewe ulikuwa nyuma yetu tu. Barabara ile ile, mvua ile ile, na mkanda umefunga. Ungetikisika tu." Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua jinsi mashine inavyofanya kazi. "Kwa nini halikuchaguliwa gari lako?"



"Langu lilikuwa na mtu," alisema Sekela.

Ambakisye alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akarudi kwa wageni.