Maneno Ambayo Bi Suda Hakusema

"Bi Suda alikwambia lini hayo?"

"Anko, si ni homiweki tu!"

"Nimekuuliza, lini?"

Nyaboke akafunika karatasi yake kwa mkono. Ni mpwa wangu, ana miaka kumi na miwili. Mimi Joram ndiye humkagulia kazi za shule kila Ijumaa, mamake akiwa zamu hospitalini. Shule niliacha mapema, lakini kusoma najua.

Mwalimu aliwapa wanafunzi kila mmoja mkoa wa nchi nyingine, na lazima wamhoji mtu wa huko. Nyaboke alipata Chanthaburi, Thailand. Bahati iliyoje! Bi Suda, mpishi wa hoteli moja ya mtaa wa West Bay, ni wa huko, na anakaa ghorofa ya chini yetu hapa hapa Doha.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa. Mkoa uko kusini-mashariki, unapakana na Kambodia na bahari. Zamani Wafaransa waliukalia mji wake zaidi ya miaka kumi. Watu wanaishi kwa matunda na biashara ya vito. Wa pili ndio ulionichefua: "Bi Suda aliniambia kwao kote kunanuka tunda la duriani, na watu hawaogi."

"Nilitaka darasa licheke," akasema. "Na sikuenda, kwake kunanuka samaki. Nikiingia nitatapika."

"Kinachonuka ni hii karatasi. Vaa viatu!"

Bi Suda alifungua mlango akiwa na taulo kichwani, ametoka kuoga.

"Msomee alichosema," nikamwambia Nyaboke.

Akasoma.

"Mimi nilisema hayo?" Bi Suda akauliza.

"Hapana, aunti."

"Sasa mbona umeweka jina langu?"

Nyaboke akaanza kulia. "Nisamehe, aunti. Naweza kukuuliza ya kweli?"

Bi Suda alimtazama mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu. "Uliza."

Akatueleza pale pale mlangoni. Babake hukwea mti wa duriani na kukata tunda, na kakake aliye chini hulidaka kwa gunia, maana lina miiba mikali. Mjini, wanunuzi wa vito hukaa mezani na wauzaji ndio huwazungukia. Nyaboke aliandika yote, akasahau kabisa kuziba pua.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi ni gadi, nalinda jengo. Siku moja nilisaini kitabu cha zamu kwamba nimezunguka ghorofa ya tisa, na sikuwa nimefika. Kumbe bomba lilikuwa limepasuka huko. Msafishaji akateleza, akavunjika mkono. Hadi leo nikikumbuka saini ile, najichukia. Usiandike umesikia kitu ambacho hukusikia. Kuna mtu ataumia."

Nyaboke alichana ule ukurasa wa uongo, akasoma mpya. Bi Suda akasikiliza hadi neno la mwisho.

"Sasa haya nimesema mimi," akajibu.

Hakutabasamu. Akageuka, akarudi jikoni kwake.